Gari la Baba Litapanda Murree

Jumatatu, 6 Novemba

Zimal ametumbukiza nusu chapati kwenye bomba la moshi la gari, sasa hivi, akaigongagonga kwa kandambili ili iingie vizuri. Nilipomuuliza anafanya nini akasema analilisha. Malaika wangu. Watu wazima wote wa nyumba hii wanalitukana gari lile, mtoto wa miaka miwili na ushei ndiye pekee aliyeona kwamba lina njaa.

Na kweli lina njaa. Njaa ya nguvu.

Mambo yenyewe ni haya. Jumapili tunampeleka bwana harusi Ghora Gali, juu mlimani kwenye barabara ya Murree. Ni Junaid, shemeji yangu mdogo. Leo wakati wa chai Ammi, mama mkwe wangu, katoa hukumu. Atapanda gari langu mpaka mlangoni kwa bibi harusi. Likimfikisha, libaki. Likimshusha njiani kama kiangazi kilichopita, alipomalizia mlima kwa miguu na sufuria ya pilau mikononi, basi Jumatatu linauzwa na Taimur ananunua pikapu ya kusambazia mikate. Taimur ndiye mume wangu, mwoka mikate. Alikuwa anachovya keki kavu kwenye chai, ikamegukia humo humo. Ni mtu mpole, hata mikate yake haiungui.

Gari ni la baba. Maisha yake yote aliendesha lori barabara ya kaskazini, na siku yangu ya kuolewa hakunipa friji wala kabati kama walivyopewa wenzangu. Alinipa gari dogo la Kijapani, la mtumba, injini kama ya pikipiki, lakini lina turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa. Akanifundisha mwenyewe kuliendesha kwenye uwanja wa malori, kapanga makopo ya rangi niyazunguke. Alikufa kabla Zimal hajazaliwa. Likiuzwa nitabaki na nini cha kumwonyesha mtoto? Picha ya kitambulisho, kanuna.

Haliuzwi. Nimeangalia video kwenye simu kutwa nzima, mpaka maharage yameshika chini. Kumbe turbo inaongezewa nguvu! Kuna vifaa vyake. Kesho kwa fundi.

Jumanne, 7 Novemba

Nimekwenda kwa fundi, Ustadi Gulfraz, kule kwenye soko la spea kuukuu. Zimal mgongoni, mimi na hamu yangu. Ustadi kalizunguka gari, kalipiga teke tairi, kavuta pumzi kwa meno. Akasema dada, gari hili linapumulia mrija wa soda. Dawa ni bomba la moshi pana. Akanionyesha. Mdomo wake unaingia kichwa cha Zimal. (Uliingia. Tulimtoa kwa mafuta ya kula.)

Nilitaka pia ile valvu inayopiga pshhh ukiachia mafuta. Kwenye video gari zote zenye nguvu zinapiga pshhh. Ustadi akasema haiongezi nguvu yoyote, ni mlio tu. Nikamwambia aifunge.

Malipo tumeelewana kiungwana. Bintiye anaolewa na hana vyombo. Mimi ninayo seti niliyokuja nayo harusini, sahani na mabakuli yenye maua, bado iko kwenye maboksi juu ya kabati. Ammi anaitunzia wageni wa heshima. Miaka yote hii hawajatokea hao wageni. Nimeacha maboksi pale pale juu, nimeyajaza nguo kuukuu za Zimal.

Nimerudi nyumbani naunguruma kama lori la baba. Kuku wa jirani wamepaa. Kwenye kona yetu niliachia mafuta, valvu ikapiga pshhh nyuma ya mzee mstaafu wa posta, naye akageuka akitafuta ni mhuni gani anamwita hivyo mtu mwenye umri wake. Nimeinama chini ya usukani hadi alipopita.

Taimur alisimama mlangoni na unga kwenye nyusi. Akauliza, "Mama Zimal, gari linakohoa au linacheka?"

Nikamwambia linacheka.

Nguvu bado sijaziona. Nadhani zinahitaji kuzoea.

Jumatano, 8 Novemba

Nimerudi kwa Ustadi. Leo kanifungia kibomba chenye kifundo cha kuongeza presha ya turbo. Kifundo kiko chini ya boneti, unakizungusha kwa vidole. Akaniwekea alama ya rangi nyekundu, akasema hapa ndipo mwisho, ukipita hapa tusijuane.

Sasa mimi nimepika tangu utotoni. Najua mpishi yeyote akikwambia kiasi cha chumvi anakuficha kidogo. Nikazungusha. Nikazungusha tena.

Nikaenda kulijaribu kwenye daraja la juu, karibu na stendi. Lahaula! Liliruka! Kwa mara ya kwanza niliiacha teksi nyuma. Zimal akapiga makofi. Nikamwambia baba, unaniona? Hapo hapo kukasikika mlipuko, moshi mweusi ukafunga barabara, gari likafa katikati ya daraja mbele ya muuza miwa na punda wake.

Na nani alipita? Wifi yangu Nosheen, na mumewe Shafqat, ndani ya gari lao refu jeupe ambalo hata nikisimama siuoni mwisho wake. Ndilo litakalombeba bwana harusi, Nosheen hachoki kutukumbusha. Akateremsha kioo kwa kidole kimoja.

"Wifi, unauza moshi? Nipunguzie wa Jumapili."

Nikamjibu nafukuza mbu.

Muuza miwa kanivuta kwa punda wake. Tumepita mtaa mzima, barazani wamejaa watu, mimi usukanini nikikaza uso kama ninayetaka iwe hivyo. Zimal alikuwa anampungia kila mtu mkono kama malkia.

Alhamisi, 9 Novemba

Ustadi kanigombeza. Akanionyesha kilicholipuka: mpira mnene unaopitisha hewa kutoka kwenye turbo kwenda kwenye injini. Umepasuka kama suruali. Kisha akaugeuza. Upande wa chini kulikuwa na ufa mwingine, wa zamani, umejaa vumbi. Akasema ndio maana lilishindwa kiangazi, hewa yote ilikuwa inavujia hapa. Akasema ukweli wa Mungu, ningekuletea mpira mpya tu siku ile ya kwanza, mambo yangekuwa yamekwisha.

Mpira tu? Haiwezekani. Kitu kinachotengenezeka kwa mpira hakiwezi kutengenezewa video nyingi vile.

Kaweka mpira mpya na vibano vya chuma. Karudisha kifundo kwenye alama nyekundu, kakifunga kwa waya, kaukata waya mfupi nisiweze kuushika. Ananionea.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshafika, nikamwomba ile rejeta ndogo ya kupoza hewa ya turbo aibadili, aweke kubwa. Turbo inachemsha hewa, na hewa ya moto haina nguvu, video zote zinasema hivyo. Rejeta hiyo inakaa juu ya injini na inavutia hewa kwenye mdomo ulio katikati ya boneti. Hili hata yeye alikubali ni jambo la maana. Kachukua blenda yangu. Nayo ilikuwa ya harusini.

Njiani kurudi gari lilikuwa tamu. Laini, lina nguvu, linapanda mwinuko wa daraja kama paka. Nimekwambia, ni lile bomba pana. Limeshazoea.

Ijumaa, 10 Novemba

Usiku wa hina ni leo. Nyumba imejaa mashangazi. Kila baada ya muda mfupi natoka kuliangalia gari. Siwezi kukaa. Mikono ina hina mbichi, nikafungua boneti kwa viwiko.

Nosheen anatangaza kwa kila anayeingia kwamba gari lao litapambwa na wapambaji wa dukani, mawaridi mbele, jina la Junaid na bibi harusi nyuma kwa herufi za dhahabu. Kisha akaniuliza, mbele ya shangazi wawili, kama langu nitalipamba au nitalifunika tu.

Nimecheka. Kwa ndani nilikuwa nazungushwa kama kifundo.

Ammi kanishika kando jikoni. Nilidhani kagundua sahani. Kumbe kaniuliza kama kweli gari litapanda. Magoti yake mabaya, akasema, na bibi harusi huyu ni wa mwisho kumtilia mafuta mlangoni, desturi ya mama wa bwana harusi, katika maisha yake. Asingependa afike akitokwa jasho, wageni wameshakaa. Alisema polepole, si kwa ukali. Nikamwambia Ammi, litapanda.

Jumamosi, 11 Novemba

Maua! Nimeyapata kwa muuza maua wa nje ya zawia. Kanisukia mtandio mzima wa mawaridi na maua ya njano, mzito kama blanketi, nyuzi za fedha pembeni. Nimelitandika gari kuanzia kioo hadi taa za mbele. Boneti halionekani hata kidole. Linanukia mpaka mtaa wa pili.

Nosheen alipita, akalitazama, akaondoka bila neno. Zimal aliokota waridi akalichomeka kwenye bomba la moshi. Limeshiba, alisema.

Nimesali rakaa mbili za ziada.

Jumapili, 12 Novemba

Naandika kwenye ngazi za nyumba ya bibi harusi, wengine wanakula. Lazima niandike sasa hivi, nisije nikasahau.

Tuliondoka msafara mzima, ngoma mbele. Taimur kama kaka mkubwa alikaa na bwana harusi ndani ya gari la akina Nosheen. Mimi usukanini, Ammi pembeni, shangazi mmoja mnene nyuma na Zimal na maboksi ya peremende. Bondeni tulikwenda vizuri mno. Ammi hata alisinzia.

Ulipoanza mlima, likaanza kulegea. Gia ya pili. Gia ya kwanza. Injini ikagonga kama kokoto ndani ya kopo. Magari ya harusi yakatupita moja moja, yanapiga honi kwa furaha, wakidhani tunapunga upepo. Gari jeupe likapita. Mkono wa Nosheen ulitoka dirishani.

Nikaegesha chini ya kona. Nilimpigia Ustadi, simu yake imezimwa, ni Jumapili. Nilimwomba baba, nilimwomba Mungu, nilipiga usukani. Ammi akafungua mlango, akavua viatu vyake vya harusi, akavaa kandambili alizokuwa nazo mkobani. Alikuwa amekuja nazo. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba alikuwa amekuja nazo.

Nilianza kulia kimyakimya. Zimal akaomba kukojoa. Nikamshusha, akakojoa, kisha akakimbia mbele ya gari, akaanza kung'oa maua na kumrushia bibi yake, kama tunavyomrushia bwana harusi. Ang'oe, nikafikiri. Yamebaki ya nini?

Ammi akainama kumzuia. Mkono wake ukagusa ule mdomo wa hewa kwenye boneti. Akauondoa haraka, umeungua. Akatazama mtandio. Akanitazama mimi. Akanionyesha.

"Binti yangu, umelifunika pua kama maiti. Hata mimi ukinizibia pua mlima sipandi."

Tukavua maua yote, sisi watatu, shangazi akiwa ndani anakula peremende. Tukangoja lipoe. Ammi akanisimulia jinsi baba yangu alivyokuja kunileta, alivyolifuta gari lile kwa kilemba chake mwenyewe kabla ya kumkabidhi Taimur ufunguo, kisha akamnyang'anya akanipa mimi. Hilo la kilemba sikulijua. Ammi hakuwahi kunisimulia.

Nikawasha. Nikakanyaga. Lilipanda, wallahi, lilipanda kona baada ya kona, na kila nikiachia mafuta lilipiga pshhh na Zimal alipiga pshhh. Ghora Gali tulifika bibi harusi bado hajatolewa nje. Ammi akabadili viatu. Akamtilia mafuta mlangoni, mkavu, bila tone la jasho. Aliporudi alipapasa boneti mara mbili, kama anayepapasa ng'ombe, akasema basi, libaki.

Libaki!

Jumatatu, 13 Novemba

Nyumbani. Kimya. Wote wamelala hadi adhuhuri.

Ammi ana sharti moja tu. Bomba litolewe na lirudishwe la zamani, maana mzee wa posta ameleta malalamiko, na mimi nisiliguse tena gari mpaka kwa ruhusa yake. Nimekubali. Nimembusu mikono. Taimur naye kaniambia polepole kwamba kumbe yote yalikuwa mpira mmoja na mashada ya maua, tumshukuru Mungu. Nikamwambia tumshukuru.

Lakini tuseme ukweli hapa tunapoongea peke yetu. Mpira haupandi mlima. Kilichotupandisha ni lile bomba na ile rejeta kubwa, na pengine pshhh kidogo. Na kama vifaa hivyo vidogo vimetufikisha Ghora Gali, je, turbo yenyewe ikiwa kubwa? Ustadi Gulfraz anayo moja, imetoka kwenye gari la mbio, inang'aa. Kaniahidi kuniwekea mpaka kesho. Sherehe ya kumpeleka bibi harusi kwao kusalimia ni wiki ijayo, barabara ile ile, na safari hii Nosheen nitampita mimi. Zimal atatupa maua dirishani.

Binti yake Ustadi bado hana cherehani. Ammi ana ile ya mguu, hajaishonea kitu tangu Eid, imejaa vumbi, na asubuhi alipokuwa amelala nilimwita mwenye bajaji akaipakia taratibu bila kugonga hata mlango, nikafunika pale mahali kwa shuka lenye maua na juu yake nikaweka ndoo ya unga, kwa hiyo hakuna mtu atakayeju

Ammi ananiita. Anauliza ndoo ya unga imepelekwa chumbani kufanya ni