Majina ya Mashangazi na Mti Unaonuka

Jumatatu, 10 Novemba 2025. Louisville

Généreuse wangu,

Kaka yako Ruhimbika amepiga simu kutoka Buffalo. Mwaka umetimia. Jumamosi tunaondoa matanga yako nyumbani kwake, kule Cheektowaga. Anasema atakayesimama kuzungumza juu yako ni yeye. Nikamwambia mume ni mimi. Akasema bon, shemeji, mume ni wewe, lakini siku ya mazishi ulishukuru kwaya ya kanisa lingine. Kweli. Sare zao zilifanana.

Tukabishana kwa upole. Mwishowe akatoa sharti: anayesimama awasalimu mashangazi zako kwa majina, kuanzia mkubwa hadi mdogo, bila karatasi. Nikimruka hata mmoja, anasema yeye. Nimekubali. Nimeshawakumbuka wawili. Mmoja kati yao nadhani alikuwa jirani yenu.

Jumanne, 11 Novemba

Nimepata dawa. Nje ya ghala letu hapa Okolona kuna mti wa ginko, ule wenye majani kama pepeo la jikoni. Winifrida, yule Mtanzania anayetunza wazee, kaja kumchukua mumewe kazini, akanieleza. Wazee wake wanameza vidonge vya majani hayo ili wasisahau. Akaongeza kwamba madaktari hawajaona kama vinasaidia sana. Hapo nilikuwa nimeshaacha kusikiliza.

Akasema pia kwamba kule Japani, karibu na lilipoangukia bomu la atomiki, miti hiyo iliungua, kisha ikachipua tena. Hapo nilisikiliza.

Kesho naokota majani.

Jumatano, 12 Novemba

Baridi kali imeshuka. Asubuhi mti ulivua majani yote kwa mara moja, kana kwamba umeambiwa zamu imekwisha. Nikasema nitayaokota wakati wa mapumziko. Mapumziko yalipofika, mfagiaji alikuwa ameshayapuliza na mashine yake na kuyapakia. Bonheur wa zamu yetu alinikuta nimesimama chini ya matawi matupu. Akauliza kama nasubiri basi.

Yamebaki matunda. Yananuka kama matapishi ya mtoto wa maziwa. Nikafurahi. Unakumbuka mubirizi wa mama yako, yale majani machungu? Uchungu wake ulimliza mtu mzima, na malaria ikakimbia. Dawa isiyotesa haijui kazi. Donc, nimejaza mfuko, kwa mikono mitupu.

Winifrida amesikia kwa mumewe, amepiga simu kunikataza kabisa. Mbegu mbichi ni sumu, na lile tunda linababua ngozi. Nikamwambia nitachemsha. Akaniuliza pole pole, kama anavyowauliza wazee wake, leo ni siku gani.

Alhamisi, 13 Novemba. Columbus

Nimeendesha madirisha yakiwa wazi. Masikio yameganda. Binti yetu Chimène alinikumbatia, akarudi nyuma, akaniuliza kwa Kiingereza nini kimefia garini. Nikasema ni dawa ya kujua mashangazi.

Nikabandika sufuria, nikaenda kuoga. Nilipotoka, madirisha yote wazi, sufuria iko nje, mtoto kashika pua na mwiko. Ni wewe mtupu. Sikupata hata tone. Mfuko tu ndio umesalia, kwa sababu niliuficha chini ya kiti cha gari.

Mikono inawasha.

Ijumaa, 14 Novemba. Cheektowaga

Chimène ameendesha. Mikono yangu imevimba, haishiki usukani. Njiani alinifundisha majina, jina moja moja, kama ulivyomfundisha yeye. Tulipofika Erie nilikuwa nao wote. Tukasimama kununua kahawa. Tuliporudi garini, wawili hawakurudi nami.

Ruhimbika amekataa gari lisiingie kwake. Limelala barabarani.

Jumamosi, 15 Novemba

Sebule imejaa. Ruhimbika akasema kabla shemeji hajajaribu, yeye ataonyesha inavyofanywa. Akawataja mashangazi kwa madaha, akipumzika kwa kila jina kama mtu anayepanda ngazi. Akamaliza.

Kutoka kwenye kochi, shangazi Caritas, yule mdogo wa mwisho, akauliza: kwa hiyo mimi nilishazikwa? Watu wakacheka mpaka wakashika meza. Ruhimbika akasema alikuwa anamweka mwisho kwa heshima. Caritas akamwambia, baba, mwisho umeshapita.

Zamu yangu. Nikafika wa tatu, nikakwama. Caritas akasema basi, nyote wawili ni bure. Ila huyu mwenye mikono kama mikate aseme. Angalau ameumia akitutafuta.

Maneno niliyopanga yote yalikimbia. Nikasema ukoko. Nikasema ulikuwa unaubandua chini ya sufuria ya bugali, unauacha juu ya mfuniko, nami nikitoka zamu naukuta. Ukiulizwa, unasema ulisahau kuosha sufuria.

Caritas akauliza sasa nani anaubandua. Nikasema sasa naloweka sufuria. Nikakaa.

Ruhimbika aliniletea soda. Aliifungua mwenyewe, kwa sababu ya mikono yangu.

Jumanne, 18 Novemba. Louisville

Dawa inafanya kazi: majina yalinitoka, lakini ukoko niliukumbuka. Nimefikiri njia nzima ya kurudi. Sikunywa, lakini nilinusa kutoka Louisville mpaka Buffalo. Nguvu iko kwenye harufu.

Ruhimbika naye amefikiri. Kanipigia kwa sauti ya chini, akauliza kama kuna mfuko mwingine. Nikamwambia umekwisha. Mwezi ujao Isaro wa kanisani kwao anaolewa, na wanatafuta msemaji wa harusi. Shemeji anaitaka nafasi hiyo. Mimi pia.

Leo nimeokota mfuko mpya. Bila glavu. Glavu zinazuia nguvu.

Mbegu moja nimeipanda katika sufuria yako, ile ya ukoko, nikaiweka kibarazani. Winifrida anasema lazima ipigwe na baridi kwanza ndipo iote. Anasema mti utazaa baada ya miaka ishirini au zaidi, na ukiwa dume hautazaa kabisa. Nitasubiri.

Wa tatu ni nani, kati ya mashangazi? Wameshanitoka tena. Mimi huku nitasahau tu.

Wewe unikumbuke.

Zéphyrin