Mzee Sirili Asipokee Bipu

Ndugu Mhariri, Sikio la Wanyonge,

Salamu toka Rau. Naandika mbio mbio, lakini hasira zangu zina adabu.

Kamusi yangu ya mtumba niliyonunua sokoni Kiboriloni inasema neno la Kiingereza "beep" ni mlio mfupi tu. Mlio, Mhariri! Mlio unasikilizwa, haujibiwi. Kengele ya kanisa ikilia, kuna muumini anaitikia "Haloo, nani mwenzangu?" Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Mzee Sirili wa Mkuu, Rombo, baba wa mchumba wangu Zita, anapokea bipu. Simu ni moja nyumba nzima, ameifunga kamba akaivaa shingoni. Nikibipu, yaani nipige nikate, ili Zita ajue namkumbuka, hata haijalia vizuri: "Haloo! Sema!" Tayari vocha yangu inaliwa.

2. Siwezi kumkatia mkwe. Namwamkia. Anauliza mvua, anauliza kahawa, anauliza kama ng'ombe wa mama amezaa. Halafu anampa bibi naye asikie sauti. Bibi hasemi kitu, anapumua tu. Mzee akija kusema "ngoja nimuite Zita", vocha imekwisha.

3. Hili ndilo linaninyima usingizi. Jumamosi wazee wangu walipanda Rombo na mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenda kumposa Zita. Mzee akanywa, akasema ukoo utakaa. Wakikubali atanibipu, wakikataa, kimya. Mhariri, mtu asiyejua bipu inayokuja, ataijulia wapi inayokwenda? Mpaka leo kimya. Nimekataliwa, au mzee bado anatafuta kitufe cha kukatia?

Kwa hiyo naomba gazeti litangaze ukurasa wa mbele kwamba bipu haipokelewi. Padri alisome tangazo hilo pale anaposoma matangazo ya ndoa. Serikali iliweke kwenye mtihani wa darasa la saba. Atakayepokea alipe mbuzi, isipokuwa Mzee Sirili. Yeye aonywe kwa upole, maana mbuzi wake wa mahari nimeshaanza kumtafuta mwenyewe.

Nisalimie wote hapo ofisini, hata yule dada wa mapokezi ambaye nikibipu naye anapokea.

Ni mimi ninayesubiri mlio,
Sylvanus, fundi redio, Rau.

N.B. Nikiwa nalamba bahasha simu imelia, namba ya Rombo! Hata haijalia vizuri nimeshaidaka: "Haloo, shikamoo baba!" Mzee akasema, "Kijana, mimi nilikuwa nabipu. Sasa mkwe wa kupokea bipu, mimi huyo..." Vocha yake ikaisha.

Mhariri, ungekuwa wewe, ungempigia au ungembipu?