Kapteni wa Kisiwa cha Musira

Jumatatu, 26 Januari

Baridi. Nyuzijoto saba, na mvua ya rasharasha isiyotaka kunyesha wala kukoma. Nimevaa soksi mbilimbili na koti la manyoya ambalo binti yangu Felisia alilinunua soko la nguo la Shahe kwa kipimo cha mtu mwingine. Ninaandika nikiwa nimekalia robota la suruali, ofisini kwake, hapa mtaa wa Sanyuanli, Guangzhou. Yeye husafirisha mizigo ya wafanyabiashara kwenda nyumbani. Mimi, mwalimu mstaafu wa jiografia, huandika majina na anwani juu ya marobota kwa wino mzito. Hakuna robota lililowahi kupotea kwa sababu ya mwandiko wangu. Hilo liandikwe.

Viwanda vinakaribia kufungwa kwa ajili ya Mwaka Mpya wa Kichina. Kila mlango una mti wa machungwa madogo ndani ya chungu. Maana yake Jumapili ni Siku ya Ziwani. Kila mwaka, majira haya, Watanzania wa mtaa huu hukusanyika kando ya ziwa la Liuhua kwa chai, chapati na maneno. Mimi hupewa kiti pekee chenye mikono. Husimulia jinsi nilivyovuka kutoka kisiwa cha Musira katika dhoruba. Kisha huitwa Kapteni mpaka baridi nyingine.

Habari kubwa: Rozina anakuja keshokutwa! Binti wa marehemu kaka yangu Wilbard. Anakuja kununua jinzi.

Nilifurahi kwa muda wa dakika nne. Ndipo nikakikumbuka kisa.

Jumanne, 27 Januari

Niandike ukweli, kwa kuwa shajara haina wasikilizaji.

Kisa ninachokisimulia ni hiki. Mwaka 1971 mama alitutuma Musira, ng'ambo ya Bukoba, tukalete beberu wa sherehe ya komunio. Tukiwa njiani kurudi, ziwa likachafuka. Wilbard, kaka mkubwa, alilala sakafuni mwa mtumbwi akilia na kumkumbatia beberu. Mimi, mtoto wa miaka kumi na mmoja, nikashika kafi na kutufikisha salama ufukweni Nyamkazi.

Kilichotokea ni hiki. Aliyelala chini akilia ni mimi. Beberu alinikojolea.

Miaka sita nimekisimulia hivyo hapa Guangzhou. Nani angeuliza? Wilbard alikuwa mbali, na mwaka juzi akaenda mbali zaidi. Sikuweza kusafiri kumzika. Tangu hapo nimekisimulia mara nyingi kuliko zamani. Nikikisimulia ninalisikia kafi likigonga ubavu wa mtumbwi, na yeye akiimba ili nisiogope.

Sasa anakuja Rozina. Bila shaka baba yake alimhadithia. Jumapili atakaa mbele yangu, asikie marehemu baba yake akifanywa mlizi mbele ya watu arobaini. Atanisahihisha. Nitapoteza jina, kiti, na mtoto wa kaka yangu, vyote kabla chai haijapoa.

Rozina asifike ziwani. Huo ndio mpango.

Nyongeza ya balaa: asubuhi nilikwenda kunywa chai kwa Bi Sihaba, mpika chapati wa jengo letu. Nikamkuta Mzee Gharib, Mzanzibari wa ghorofa ya pili, mnunuzi wa feni. Akasema eti ziwa ni beseni, na aliyevuka beseni haitwi kapteni, huitwa mwoshaji. Watu wakacheka. Bi Sihaba akacheka mpaka akaunguza chapati. Gharib akaendelea: Jumapili tushindane kwa boti za pedali, kuzunguka kile kisiwa kidogo cha katikati ya ziwa, wanakolala ndege yangeyange, na atakayeshindwa aache kiti. Mdomo wangu ukakubali kabla sijaulizwa.

Sijui kuogelea.

Jumatano, 28 Januari

Rozina amefika. Lo! Paji la uso ni la Wilbard. Hata namna ya kumtazama mtu bila kusema kitu ni ya Wilbard. Alipiga goti sakafuni mwa ofisi, katikati ya marobota, akaniamkia kama tunavyoamkiana nyumbani. Wachina wawili waliokuwa wakipima mzigo waliacha kupima.

Ameniletea senene waliokaangwa, na kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwa majani ya mgomba. Niliweka punje mbili mdomoni. Mara nikawa uani kwa mama, mvua imekatika, migomba inachuruzika, Wilbard anaranda huku na huku akitafuta kiatu changu nilichokificha. Felisia aliniuliza kwa nini macho yanatoka maji. Nikamwambia ni ubaridi wa nchi hii.

Kisha nikarudi kazini. Nilimweleza Rozina kwamba siku bora ya kwenda viwandani Xintang ni Jumapili. Watu ni wachache, bei ni laini. Akasema, vyema, baba mdogo.

Mtoto mtiifu. Nimeshinda!

Alhamisi, 29 Januari

Sijashinda. Felisia alipiga simu Xintang kuuliza kwa niaba yetu. Laoban, yaani bosi wa kiwanda, akajibu meiyou, hakuna: wafanyakazi wote wanapanda treni kwenda makwao Jumamosi. Ikabidi twende leo leo. Nilipanga kumchelewesha Rozina kwa kukagua mishono, suruali moja baada ya nyingine. Nilikagua suruali kumi na tisa. Wakati huo yeye alikuwa amekwisha kuchagua, kubishana, kukubaliana, na kunywa chai na laoban. Saa sita mchana kazi ya wiki nzima ilikuwa imekwisha.

Tukiwa njiani kurudi tulinunua viazi vitamu vya kuchoma kutoka kwenye pipa la mama mmoja kando ya barabara. Vya moto, vinavyochoma vidole. Rozina akasema baba yake alikuwa akichoma vya namna hiyo kila kipupwe, na kiazi cha kwanza aliita "cha Didas", akakiweka pembeni, hata nilipokuwa nimehamia mbali. 

Nilikumbuka pia kitu ambacho sikukitaka. Tulipofika Nyamkazi siku ile, mama alikuwa amesimama ufukweni. Kabla mtumbwi haujagusa mchanga nililinyakua kafi mkononi mwa Wilbard, nikasimama nalo. Mama akanishangilia. Wilbard alinitazama. Hakusema neno.

Ijumaa, 30 Januari

Mpango mpya, na ni safi. Nimeandika tangazo: KWA SABABU YA BARIDI KALI, SIKU YA ZIWANI IMEAHIRISHWA. KAMATI. Herufi kubwa, zilizonyooka, wino mzito. Nimelibandika ndani ya lifti wakati watu wapo kwenye swala ya Ijumaa. Hakuna aliyeniona. Tangazo halina jina langu.

Nimekula senene sita kujipongeza.

Jumamosi, 31 Januari

Fedheha. Mwandiko wangu uko juu ya kila robota lililotoka jengo hili kwa miaka sita. Unajulikana kutoka Shahe hadi bandari ya Dar es Salaam. Aliyeingia kwenye lifti wa kwanza akalisoma tangazo na kusema kwa sauti, "Aa, Mwalimu Didas anaogopa maji." Wa pili akasema hivyo hivyo. Bi Sihaba aliniletea kikombe cha tangawizi bila kuombwa, eti cha kutuliza moyo, mume wake naye alikuwa na moyo mwepesi. Gharib amechora bata chini ya tangazo. Bata mwenye ndevu zangu.

Felisia hakunigombeza. Aliniuliza tu, baba, una nini? Nikasema ninajali afya za watu.

Jaribio la mwisho: nilimwambia Rozina kwamba ziwani huwa hapampendezi mgeni, kuna baridi na kelele za wazee wa Kichina wanaoimba kwa vipaza sauti. Akajibu kwamba ndicho alichokuja kukiona. Akasema pia anataka kunisikia nikisimulia kisa cha beberu.

Anakijua! Nimelala kitandani na koti langu mchana kweupe.

Jumapili, 1 Februari

Siku yenyewe. Niandike kwa utaratibu.

Jua lilitoka. Ziwa lilikuwa shwari, yangeyange wamejaa juu ya miti ya kisiwani kama nguo zilizoanikwa. Ukisimama kwenye kona moja, karibu na mnazi mmoja mfupi, maghorofa hujificha na unaona maji na ndege tu. Hapo ndipo ninaposimama kila mwaka. Hapo pana Bukoba kidogo.

Watu walikuwa wengi. Wazee wa Kichina waliimba. Chapati zilikuwepo. Kiti chenye mikono kiliwekwa, nikakalia ukingo wake kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Gharib hakusubiri. Alisimama, akamgeukia Rozina, akasema: binti, baba yako mdogo anadai alivuka ziwa kwa kafi huku marehemu baba yako, Mungu amrehemu, akilia na mbuzi. Tupe ukweli, wewe ni shahidi, hapa pana wasomi wanaopotosha umma.

  Nilitazama viatu vyangu.

Rozina akasema ndiyo. Akasema ndivyo baba yake alivyowahadithia kila Krismasi. Kwamba yeye, Wilbard, aliogopa, akalia, akakojolewa na beberu. Na Didas, mdogo kuliko kafi lenyewe, ndiye aliyewafikisha. Baba alicheka sana alipofika kwa beberu, alisema Rozina. Alituambia: mkikutana na baba yenu mdogo, mheshimuni, ana moyo wa simba.

Watu wakapiga makofi. Mimi sikusikia makofi. Miaka hamsini na kitu! Kwa watoto wake mwenyewe! Mimi nilikuwa nimenyakua kafi tu. Yeye alinipa na kisa chote, akabaki na mkojo wa beberu.

Nilitaka kusimama niseme. Nilisimama kweli. Gharib akadhani nimesimama kwa ajili ya mashindano, akapaza sauti, haya, kwenye boti!

Boti zina shingo ya bata. Mama wa tiketi alizitazama ndevu zangu na kunikataza nisiende peke yangu. Rozina akasema ataandamana nami. Gharib akamchukua Abass, mpangaji mwenzake. Nilikuwa nimevaa majaketi mawili ya kujiokolea, moja ndani ya koti na moja nje. Sikuweza kushusha mikono.

Mita ishirini za kwanza nilipiga pedali kiume. Kisha ukaja upepo mdogo. Mdogo sana; ninakiri. Boti ikayumba. Nikaachia pedali, nikateremka sakafuni, nikaikumbatia shingo ya bata kwa ndani na kufumba macho. Nadhani nilipiga kelele. Nadhani nilimwita mama.

Rozina alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka. Nilisikia pedali zikizunguka, polepole, sawasawa. Baada ya muda mrefu akasema neno moja tu.

"Kumbe."

Na halafu, hapo juu yangu, akaanza kuimba. Wimbo ule ule. Sikumfundisha mimi.

Alituzungusha kisiwa chote. Gharib tulimkuta palepale alipoanzia, akizunguka kama feni zake, maana Abass alikuwa akirekodi video na usukani hauna mtu. Tulikuwa tumeshinda.

Tulipokaribia gati watu walishangilia, Kapteni! Kapteni! Sikupanga, Mungu ni shahidi. Lakini niliinuka. Niliupapasa usukani, nikaushika kwa mikono miwili, nikasimama wima.

Rozina alinitazama. Paji lile. Macho yale. Hakusema neno.

Jumatatu, 2 Februari

Nimeamka nikiwa mtu mpya. Nimeandika kisa cha kweli kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu bora: nani alilia, nani alipiga kafi, nani aliimba. Rozina anaondoka kesho, na mwezi wa nne kuna misa ya kumbukumbu ya baba yake. Aliomba nikisimulie kisa kwenye simu yake, ukoo wote ukisikie siku hiyo. Akasema, sema unachotaka, baba mdogo. Hakunikazia macho.

Saa nne asubuhi akaiweka simu juu ya robota. Nikaanza vizuri. Nikasema: "Siku ile, kaka yangu Wilbard..." Sauti ilitetemeka, lakini kwa heshima.

Wakati huo huo akaingia Gharib, anataka feni zake ziandikwe anwani. Akajiegemeza mlangoni. Akasema mashindano ya jana hayakuwa na hadhi, kwani yeye ni mtu wa bahari. Ujanani alifukuzwa na papa kutoka Pemba mpaka Unguja, na hakusimama hata kupumua.

Nilikohoa. Niliikunja karatasi ikaingia mfukoni. Nikamwambia kwa upole kwamba papa ni samaki tu, bwana Gharib. Kati ya Musira na Nyamkazi, siku ile, nyuma ya mtumbwi kulikuwa na mamba.

Gharib akauliza alikuwa na urefu gani.

Nikasema mita tano. Nikamwona hajashtuka. Nikasema sita, na kwamba nilimpiga kwa kafi usoni huku Wilbard akilia.

Simu ilikuwa bado inarekodi. Nilimtazama Rozina. Aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, kwa kicheko au kwa kingine, sijui. Hakuizima.

Wala hakusema neno. Ukoo wetu umebarikiwa.

Gharib anataka tushindane tena baridi ijayo. Nimekubali. Tutaogelea.