Aloo Apewe Bondeni

Jumatatu, 9 Juni 2025

Aloo, mwenzangu wa kazi, ameenda Siaya, shemeji yake anaoa. Siku tatu bila ile pua yake begani mwangu! Kibanda chetu hapa Huruma ni changu peke yangu: mimi Mabonga, kompyuta moja, printa moja. Kazi yetu ni kuchapa vijitabu vya mazishi. Watu wa magharibi na watu wa ziwa hawakubali kuzikwa bila kijitabu cha rangi, Mungu awazidishie.

Shida ni diski kubwa ya kuwekea faili. Giga mia tano, na Aloo ametapanya video za kwaya yake kila mahali, kama ng'ombe wa jirani kwenye mahindi. Nikimwambia aondoe, anasema kwaya ni ya Mungu na Mungu hafutwi.

Mchana amekuja Mama Nakhumicha. Mumewe Wilson, fundi wa mabati, tunamzika Jumamosi kule Kimilili. Picha zote za marehemu zilikuwa kwenye simu ya Mama. Nikazihamisha kwenye ile diski kubwa, pamoja na historia ya marehemu. Simu ilikuwa imejaa hata rambirambi haziingii, nikamshauri azifute picha. Akauliza kama ni salama. Nikamwambia Mama, kompyuta si binadamu, haisahau. Akafuta. Akanishukuru sana.

Jumanne, 10 Juni

Nimegundua! Kuna video kwenye simu inayoonyesha diski ikigawanywa vipande, kila mtu na chake, kama shamba la urithi. Kumbe ni hilo tu? Mimi niliishia darasa la sita lakini niliwagawia ndugu zangu wanne shamba la baba, na wawili bado wananisalimia. Diski itanishinda?

Nimepima. Mia nne na hamsini zangu. Hamsini za Aloo. Mimi ni mkubwa kwake kwa miaka miwili, na mkubwa hukaa juu, karibu na barabara. Aloo apewe bondeni. Watu wa ziwa hupenda maji.

Nelima, mke wangu, ameleta uji akaniona natoka jasho. Akauliza kama Aloo anajua. Nikasema mtu ukimwita kwenye mgawanyo huja na maneno mengi. Akasema hata mwizi wa kuku hutoa sababu hiyo. Akaondoka na uji wake.

Jumatano, 11 Juni

Nimegawa! Diski ndogo, ile inayowasha kompyuta, sikuigusa. Mimi si mjinga. Nilipoanza na ile kubwa, yakatokea maneno makali kwamba kila kitu kitapotea. Hayo nimeyazoea. Hata karani wa ardhi akitaka kitu kidogo huanza kwa kukutisha. Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza kama nifomati vipande vyote viwili. Kufomati, nilivyoelewa mimi, ni kulima kabla ya kupanda. Nikasema lima, baba, lima!

Halafu nikapanda. Ardhi ukishagawiwa usipoipanda siku hiyo hiyo, jirani anaingiza mbuzi. Nikaazima diski ya muuza filamu wa mlango wa pili: mieleka, rumba, mahubiri, karate. Nimejaza giga zangu zote hadi ukingoni. Imechukua mchana kutwa. Kipande cha Aloo nimekiacha nyasi tupu, nikakiandika jina ALOO BONDENI ili asipotee.

Saa kumi na moja jioni nikatafuta picha za Wilson nianze kijitabu. Hakuna. Nikatafuta historia yake. Hakuna. Hata kwaya ya Aloo, kimya. Nimezima, nimewasha. Nimepuliza ile kompyuta nyuma. Nimeomba. Mimi! Nimepiga magoti nikaomba.

Alhamisi, 12 Juni

Aloo amerudi. Akaketi, akafungua, akasoma ALOO BONDENI. Kelele zimesikika mpaka mtaa wa West Indies. Ameniuliza kama kichwa changu kina akili au ni cha kushikilia nywele. Mimi nina upara, kwa hivyo nikajua amekasirika kweli.

Tumeibeba kompyuta kwa boda boda mpaka mjini kwa Adoyo, fundi. Msichana wa maneno machache. Akatueleza kwamba faili ikifutwa haijaenda popote, inalala chini palepale mpaka ujenge juu yake. Akaniuliza kama nilikuwa nimeweka kitu. Nikasema kidogo tu. Akafungua, akahesabu filamu mia mbili na sabini. Akasema Mzee, umejenga ghorofa juu ya makaburi.

Upande wangu hakuna kilichopatikana. Hata herufi. Upande wa Aloo, kwa vile haukupandwa, zimetoka nusu ya video za kwaya, historia ya Wilson, na picha yake moja. Aloo akaimba pale pale dukani, sauti ya nne.

Jumamosi, 14 Juni

Kimilili. Tumezika. Picha ya kijitabu ilikuwa ile moja: Wilson kwenye harusi ya watu, macho amefumba, mdomo umejaa paja la kuku. Nyuma yake naonekana mimi nusu, nachukua soda ya pili. Kurasa nane, picha ile ile. Kubwa, ndogo, ya rangi, ya kijivu. Pasta alisoma historia ya marehemu akiangalia juu, asije akaona ukurasa. Walioketi nyuma walicheka. Walioketi mbele walilia.

Mama Nakhumicha hakucheka wala kulia. Alinijia, akanishika mkono kwa heshima. Akasema, Mzee, miaka thelathini na moja ya ndoa, na mimi nimebaki na kuku. Akaongeza kwamba siku yangu ikifika atamwomba Nelima amwachie yeye kazi ya kuchagua picha. Waliokuwa karibu wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia, kabla sijaelewa.

Chakula hakikunipita kooni. Sahani ya pili ndiyo ilipita.

Jumanne, 17 Juni

Hukumu ya diski imetoka. Aloo juu, giga mia nne na hamsini. Mimi bondeni, hamsini. Shahidi wake ni Nelima! Mke wangu wa ndoa, ametia sahihi bila kupepesa.

Mama Nakhumicha amezunguka kwa jamaa, nyumba kwa nyumba, akiomba picha zilizo kwenye simu zao. Amepata kumi na tisa. Mbili kati ya hizo hajawahi kuziona, na moja Wilson anacheka akiwa kijana. Amemkabidhi Aloo mkononi atengeneze kijitabu kingine cha kumbukumbu, akamwapisha nisizikaribie. Aloo ameziweka upande wake, chini kabisa, karibu na mpaka.

Nimekaa nimelichunguza kosa langu kwa uaminifu. Nilikuwa na haraka. Mpaka hausogezwi wote kwa siku moja. Unasogezwa kidogo kidogo, mwenzako akiwa kwenye chai. Leo Aloo amekwenda chai, nimevuta giga mbili. Hakuna aliyelia. Kesho nitavuta tatu.

Nikizifikia picha za Wilson, nitapita pembeni.