Filamu Isiyofanana na Kitu Chochote

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Kalemie, wa mjini na wa ng'ambo ya Lukuga, kwamba kuanzia leo hakuna mtu atakayeogopa kitu chochote hadharani bila kibali. Ndivyo lilivyosomeka tangazo lililobandikwa mlangoni pa biro, yaani ofisi, ya Idara ya Shangwe ya Umma, katika miaka ile ambayo nchi iliitwa Zaire, mto mkuu uliitwa Zaire na pesa ziliitwa zaire, ili mwananchi asipotee.

Sababu ya tangazo ilikuwa filamu. Papa Hippolyte, fundi wa redio sokoni, alikuwa ametengeneza sinema ya kutisha kwa kamera ndogo aliyoachiwa na Mgiriki mmoja aliyefungasha kwa haraka. Ilihusu mama aliyewahi kulitoroka kusanyiko la Wangoja Taa, watu waishio kilimani wakingojea chombo kishuke kutoka kwenye nyota. Baada ya miaka mingi mama huyo anarudi kufuata sufuria yake. Anawakuta wenzake hawajazeeka. Wanatabasamu, na kila asubuhi wanaichezea dansi taa iliyo mawinguni, wakiishukuru kwa mvua, kwa samaki na kwa barabara. Mama anauliza, "Barabara gani?" Wanamjibu, "Shukuru kwanza."

Chombo cha nyota kilikuwa kifuniko cha pipa kilichoning'inizwa kwa uzi wa nyavu. Dude lililomo ndani yake lilikuwa turubai lenye taa ya baiskeli mahali pa jicho. Sauti zilitoka kwenye redio ya kaseti, zikiitangulia midomo kidogo.

Kuichunguza kazi hiyo kuliangukia mikononi mwa Raia Kisimba, kaimu mkuu wa biro. Nyumbani mkewe aliendelea kumwita Évariste, kwa kuwa sheria iliyofuta majina ya ubatizo haikuwa imefika jikoni. Évariste alikuwa kaimu kwa muda mrefu kiasi kwamba wengine walidhani Kaimu ni jina la babu yake. Sasa Mkaguzi Mkuu wa Shangwe alikuwa anakuja kutoka Lubumbashi. Kama ziara ingekwenda vizuri, Évariste angethibitishwa kazini. Kama ingekwenda vibaya, angerudi kulima mihogo kwao Nyunzu. Katika barua yake Mkaguzi alikuwa ameomba kuonyeshwa jambo moja tu: "kazi ya ubunifu ya wananchi wenyewe." Kalemie nzima ilikuwa na moja.

Tume ya ukaguzi ikakaa mchana, mablanketi yakiwa yametundikwa madirishani. Wajumbe walikuwa Évariste, Mama Pascasie, ambaye ndiye aliyewafundisha wananchi dansi za kukisifu Chama, na Basile wa usalama. Filamu ilipofika kwenye dansi ya Wangoja Taa, mguu wa Mama Pascasie ulianza kupiga sakafu wenyewe.

"Dansi hii," akasema, "njo ile ya..."

"Ile ya nini, Mama?" Basile aliuliza kwa upole. Upole ulikuwa chombo chake cha kazi.

"Ile ya kwenye sinema. Ninaiona pale mbele. Macho ninayo."

"Haifanani na kitu?"

"Kwangu, hapana. Kwako inafanana na kitu?"

"Mimi niliuliza tu."

"Na mimi nilijibu tu."

Papa Hippolyte akaitwa mbele.

"Papa Hippolyte," Évariste alisema, "dansi hiyo uliitoa wapi?"

"Nilikosa pesa za kulipa wachezaji, Raia Mwenyekiti. Nikaomba majirani wacheze ile wanayoijua. Na wanaijua moja tu, sababu kila siku ya posho, Jumamosi asubuhi, tunaitwa pale uwanjani..."

"Inatosha."

"Na vitambaa vya kufanana, walikuwa na vile tu tulivyopewa na..."

"Hakuna aliyekuuliza habari za vitambaa."

Évariste aliliona shimo lilivyochimbwa. Kanuni ziliruhusu kupiga filamu marufuku, lakini zilitaka sababu iandikwe. Sababu ilikuwa moja: kwamba watu waliopumbazwa, wanaoishukuru taa kwa barabara zisizokuwepo, walifanana na wananchi wenye furaha wa Kalemie. Atakayeandika hivyo ndiye atakayekuwa amesema hivyo. Kuiruhusu nako kulikuwa na hatari yake, kwani mtu angeweza kucheka, na kicheko hakina mwandishi wa kushtakiwa. Alijaribu kudai kwamba filamu inatisha kupita kiasi, lakini Mama Pascasie alikumbusha kwamba dude lilipotokea, Basile aliuliza bei ya turubai.

Ndipo Évariste akapata wazo ambalo yeye mwenyewe aliliita la kiutawala. Filamu ingetanguliwa na maandishi yenye saini yake na muhuri wa Idara, yakieleza kwamba haifanani na kitu.

Jioni, mezani, alimweleza mkewe, Florentine.

"Papa Évariste," Florentine alisema, akimpakulia ugali, "ukimwambia muntu kwamba nyuma ya mlango hakuna nyoka, atafanya nini?"

"Ataelewa."

"Haya. Kula."

Siku ya ziara ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mkaguzi Mkuu alikaa safu ya mbele, tumbo likimtangulia kwa heshima. Kulia kwake alikuwa Basile, kushoto kwake Mama Pascasie, na Évariste pembeni. Maandishi yakatokea ukutani, huku kaseti ikiyasoma kwa sauti ya Évariste mwenyewe: "Idara inathibitisha kwamba kusanyiko, dansi, vitambaa na shukrani vitakavyoonekana humu havifanani na kitu chochote kinachojulikana Kalemie. Atakayeona mfanano atakuja biro kujieleza."

Ukumbi ukatulia kama watu wanaotafuta kitu mfukoni. Kisha ngoma ikaanza.

Hapa ni lazima kukumbuka desturi ya miaka ile. Ngoma hiyo, ile ya uwanjani, ilipolia, kila mtu alisimama na kuinua mikono, awe sokoni, hospitalini au juu ya baiskeli, na hakukaa mpaka wakubwa wake wakae. Miguu ya Mkaguzi Mkuu ilikuwa imetumikia Chama kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili wake. Ikasimama kabla yeye hajaamua. Mikono ikafuata. Basile akasimama, Mama Pascasie akasimama na kuanza kukata kiuno kwa ustadi. Mbele yao, ukutani, jicho la baiskeli lilikuwa linawaka.

Nyuma, hakuna aliyenyanyuka.

"Raia Kaimu," Mkaguzi alisema, akiwa bado anapunga mikono, "kwa nini watu hawa wamekaa?"

Mama Odile, mwuza mikate aliyeigiza kama yule mama wa sufuria, alijibu kutoka safu ya pili. "Tumeambiwa haifanani na kitu, Papa. Kuna muhuri. Tukisimama, tutaitwa biro."

Mkaguzi alilifikiria jambo hilo kwa mizunguko miwili ya kiuno.

"Basi mimi nimesimama kwa sababu gani?"

Évariste alikuwa ameinuka nusu. Akisimama, anaikana saini yake. Akikaa, amekaa mbele ya mkubwa aliyesimama. Alikuwa amechuchumaa hewani, makalio shubiri moja juu ya kiti, mapaja yakitetemeka.

"Na wewe," Mkaguzi alimgeukia, "umekaa au umesimama?"

"Mimi bado kaimu, Raia Mkaguzi."

Ngoma ikaisha, na mkanda wa filamu nao. Taa ya mashine ya sinema ikamulika ukuta mtupu. Papa Hippolyte akatoa kichwa nyuma ya mashine, kwa adabu zote za fundi anayejali wateja.

"Raia Mkaguzi, bobini ya dansi imekwisha. Niweke inayofuata, ama nirudilie hii?"

Mkaguzi alimtazama Basile kwa pembe ya jicho, akaona Basile anamtazama yeye. Kuacha kungekuwa kukiri kwamba dansi imemchosha, na hakuna aliyewahi kurudi kutoka mahali walipopelekwa waliochoka. Basile naye hakuweza kushusha mikono kabla ya Mkaguzi, wala Mama Pascasie kabla ya Basile. Jasho liliteremka kwenye shingo ya Mkaguzi Mkuu wa Shangwe, aliyekuwa anatabasamu.

"Rudilia," akasema.

Papa Hippolyte akarudilia. Alipouliza tena, jibu lilikuwa lilelile, kwa sauti nyembamba zaidi. Mama Odile alitoka, akarudi na kikapu chake cha mikate, akauza ukumbi mzima. Na wananchi wa Kalemie, waliokuwa na amri rasmi ya kutoona kitu, wakasogeza viti mbele ili waone vizuri.