Lavenda Chini ya Meza ya Pasi

Jumatatu, 3 Machi

Daftari jipya. Kanipa mke wangu, Mama Pacha. Daktari kasema presha yangu inapanda kwa kuwaza watu mno, basi ameamua niandike kila mara jambo moja la kushukuru. Haya. Nashukuru daftari lina mistari.

Sasa mambo yenyewe. Asubuhi Mama Mwenye Nyumba kaja na mtu wa kupima. Mtu huyo akatandaza futi yake kwenye ua wangu wa nyuma, toka ukutani hadi bombani. Nikauliza kulikoni. Mama akasema anataka kujenga stoo. Stoo! Juu ya kamba zangu za kuanikia! Mimi ni dobi. Ukiniondolea kamba, nabaki mwanamume mwenye ndoo.

Sijui ulimi wangu ulipata wapi ujasiri. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba stoo haiwezekani, maana hapa pana bustani. Mama akatazama. Kamba nne, shuka sita, karai. Akauliza bustani yenyewe iko wapi. Nikasema bado iko ndani ya bahasha. Bustani ya maua ya Kimediterania: lavenda na mengineyo, mbegu ninazo.

Mama akashika shuka moja kambani. Kisha akasema marehemu mumewe alikuwa akimletea vishada vya lavenda kila akisafiri, wakiviweka kabatini katikati ya nguo, na siku zote alitamani kuipanda kwenye ua huu huu. Hakujaliwa. Akanipa muda hadi Jumamosi, tarehe 17 Mei. Akikuta lavenda imeota, ua unabaki kuwa ua. Asipoikuta, matofali.

Fundi Saa, jirani yangu wa mlango wa pili, alisikia yote. Alikuwa dirishani na lenzi yake jichoni. Hakusema neno. Mtu wa kukaa kimya vile ana lake jambo. Nina hakika stoo anaitaka yeye.

Cha kushukuru: sikudanganya kuhusu mbegu. Binamu yangu, mpishi wa meli, aliniletea bahasha mwaka jana. Nimeitia chini ya mguu wa meza ya pasi isiyumbe.

Jumatano, 5 Machi

Nimeitoa bahasha. Meza inayumba. Ndani: mbegu za lavenda, ndogo kama viroboto, na mbegu tano nyeusi, kila moja na kishungi cha manyoya ya rangi ya chungwa. Picha inaonyesha ua lenye kichwa cha ndege. Ajabu ya Mungu!

Barua ya binamu ina maelekezo. Lavenda ikae kwenye friji wiki tatu. Mbegu za manyoya ziloweshwe maji ya vuguvugu siku mbili. Udongo uchomwe kwanza kwenye sufuria, magugu yafe. Nimecheka peke yangu. Binamu ni mpishi. Kwake kila kitu lazima kipite jikoni. Udongo siuchomi ng'o.

Lavenda nimeificha kwenye friji nyuma ya siagi. Zile za manyoya nimezitia kwenye chupa ya chai, maana hakuna kitu nyumbani humu kinachotunza joto kama ile. Mama Pacha sijamwambia. Ana maneno mengi kuhusu jiko lake.

Namshukuru aliyebuni chupa ya chai.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu. Fundi Saa alikuja kulalamika, kwa upole wake ule unaoudhi, kwamba maji ya nguo zangu yanapita chini ya mlango wake na saa zinashika kutu. Mama Pacha akamkaribisha kiti, akamwambia shemeji usiondoke bila chai. Akakuta maji ya moto kwenye chupa, niliyoyabadili asubuhi. Akatia majani, akatia sukari, akamimina.

Kitu cheusi chenye nywele za chungwa kikaelea kikombeni mwa mgeni.

Mama Pacha akapiga ukelele. Nikasema ni kiungo. Fundi Saa akatoa kibano mfukoni, akakinyanyua, akakitazama kwa lenzi muda mrefu, akakifunga kwenye leso yake. Akamshukuru shemeji kwa chai na kwenda zake. Nne zilizobaki Mama Pacha alizimwaga sakafuni na kuzipiga kwa kandambili moja baada ya nyingine, akiamini zina miguu.

Baadaye amenihoji. Nimekiri yote, na lavenda pia. Hakunifokea. Alitikisa kichwa tu, akasogeza siagi ili mbegu zipate baridi vizuri. Namshukuru huyu mwanamke. Miaka ishirini na sita, na bado anasogeza siagi.

Ijumaa, 28 Machi

Siku ya kupanda! Nimechota udongo nyuma ya choo, mweusi, mnono. Mama Pacha akaniambia nimpe auchome kwenye sufuria ya zamani, dakika ishirini tu. Nimemweleza kwamba udongo mnono hivi kuuchoma ni kuukosea adabu. Akasema sawa, Baba Pacha, wewe ndiwe bwana shamba.

Trei mbili nimeziweka chini ya meza ya pasi. Hapo ndipo akili yangu ilipo! Joto la pasi linashuka, mvuke unashuka, mbegu zinadhani ziko kwao. Mteja mmoja mwalimu amerudisha shati likiwa na tope kwenye kola. Nimemwambia ni tope la Mediterania. Hakufurahi kadiri ya hadhi ya tope lenyewe.

Nashukuru shati halikuwa jeupe. Lilikuwa la rangi ya maziwa.

Jumamosi, 12 Aprili

ZIMEOTA! Nimemwita Mama Pacha, nimewaita wateja wawili, nimemwita hata mpita njia.

Ila kuna mambo mawili ndani ya trei. Kuna miche minene, myekundu shingoni, yenye majani mapana, imesimama wima kama askari. Na kuna vitu vingine vyembamba, vimepauka, vifupi kuliko ukucha, kama vinaomba radhi kwa kuzaliwa. Ni wazi kipi ni kipi. Ua la kifahari, lililovuka bahari, haliwezi kuanza maisha kinyonge namna hiyo.

Nimepalilia. Kimoja kimoja, kwa vidole vyangu, nimeng'oa vyote vyembamba na tonge la udongo wake, kama thelathini hivi. Kisha, Mungu anisamehe, nimevitupa kwenye kopo tupu la Fundi Saa lililo juu ya ukuta mfupi kati yetu. Ahangaike yeye na magugu. Alikuwa mlangoni, akaniona. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia jirani, wewe shughulika na dakika, mimi niachie mimea.

Nashukuru kwa kujaliwa jicho la mkulima.

Jumanne, 29 Aprili

Lavenda zangu zimefika magotini! Nimezihamishia uani, safu tatu. Mama Pacha amezizunguka mara mbili, akasema mbona zinafanana sana na yale magugu ya nyuma ya choo. Nimemwambia vitu vingi duniani hufanana. Akauliza mbona hazinukii. Nimemwambia hazijafika umri.

Fundi Saa siku hizi haketi dirishani. Yuko ndani kainama, kibano mkononi, sufuria ya moto pembeni. Mama Pacha kasikia anachoma udongo. Maskini, upweke umemfikisha pabaya. Nimemhurumia kidogo. Nashukuru mimi nina mke wa kunirekebisha, hata kama simsikilizi.

Jumatano, 14 Mei

Zimetoa maua. Ya kijani. Yenye miiba.

Nimesimama uani bila kupumua. Nimesugua jani, nimenusa. Harufu ya nyuma ya choo. Nimesugua la pili, la tatu, safu nzima. Nyuma ya choo, nyuma ya choo, nyuma ya choo.

Nimekaa juu ya karai. Kamba nne juu ya kichwa changu, na shati la mwalimu likinidondokea. Nimeyawaza matofali. Nimewaza miaka kumi na moja niliyoanika hapa. Pacha wote wawili wamesomeshwa na kamba hizi. Siku tatu zimebaki.

Mama Pacha ameketi pembeni yangu juu ya ndoo. Hakusema nilikwambia. Alisema tutaanika hata dirishani. Cha kushukuru leo ni huyo tu aliye juu ya ndoo, na sitaki utani.

Alhamisi, 15 Mei

Nimepata wazo!

Jumamosi, 17 Mei

Wazo lilikuwa hivi: maua ya plastiki ya zambarau, mashada kumi na mawili, nikayafunga kwa uzi kwenye magugu. Halafu sabuni yangu ya maji ya kufulia, ile yenye picha ya lavenda, nikainyunyiza chupa nzima. Kwa mbali, na kwa kufumba jicho moja, palipendeza kuliko Mediterania yenyewe.

Mama Mwenye Nyumba akaingia saa nne. Mtu wa futi nyuma yake. Mama akavuta hewa, uso ukalainika. Akasema, lo, ndiyo hiyo harufu. Nikaanza kumshukuru Mungu moyoni. Ila tabu ya Mama ni roho nzuri. Akasema maskini, zimekauka, hazina maji. Kabla sijafungua mdomo kachukua ndoo, kamwagilia mwenyewe, kwa mikono miwili.

Bustani ikatoa povu.

Likapanda polepole, jeupe, likafunika safu ya kwanza, likaja hadi kwenye viatu vya mtu wa futi. Shada moja la plastiki likaelea. Mama akaliokota, akalitazama, akaona karatasi ya bei. Hakunifokea. Laiti angefoka. Macho yake yalijaa huzuni, na hapo ndipo nilipojiona mdogo. Nilikuwa nimemchezea yeye na mumewe aliyekufa. Akamwambia mtu wa futi apime.

Ndipo mlango wa Fundi Saa ukafunguka.

Alikuja na sinia mikononi. Juu ya sinia vikopo vidogo vya bati, vile anavyowekea vipuri vya saa, ishirini na vitatu. Katika kila kikopo mche mmoja, urefu wa kidole, majani membamba ya kijivu. Akaniambia, "Jirani, umesahau kuchukua miche yako."

Akamgeukia Mama, akaeleza kwamba nilimkabidhi mwezi uliopita, na kwamba alinishuhudia mwenyewe nikiitoa kwenye trei mmoja mmoja, kwa vidole, kwa uangalifu mkubwa. Kila neno la kweli! Na mtu huyo ndiye niliyemtupia magugu.

Mama akasugua jani moja kati ya vidole. Akanusa. Akakaa juu ya karai langu, akalia, kisha akacheka, kisha akamwita marehemu kwa jina la nyumbani. Mtu wa futi akakunja futi yake bila kuambiwa. Ua ni ua. Mama akaniambia, mwanangu, kazi ya mikono yako nimeiona, ila hilo povu sitaki kulielewa.

Walipoondoka nikamfuata Fundi Saa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwanza, bila ua ningeanika koridoni, juu ya saa zake. Pili, chai ya shemeji. Halafu akaanza kusafisha lenzi ambayo haikuwa chafu. Akasema miaka kumi na moja anafungua duka akisikia pasi yangu inagonga meza. Saa zake dukani hakuna mbili zinazokubaliana. Asingejua asubuhi imefika.

Nililia. Naandika hapa kwamba nililia, daktari akitaka asome. Namshukuru Fundi Saa kwa moyo wangu wote. Namshukuru kwa kibano chake, kwa sufuria yake, kwa ukimya wake niliousema vibaya kurasa zote hizi. Kuanzia leo ni ndugu yangu. Mama Pacha amempelekea chai, na kabla ya kumimina ameichungulia chupa.

Jumatatu, 19 Mei

Siku njema kupita kiasi. Kamba zimejaa, lavenda ziko juani kwenye ukuta mfupi, Mama Mwenye Nyumba katuma salamu. Nimejifunza mengi katika jambo hili, na leo nimeamua kuyatumia, nisiwe mzigo kwa ndugu yangu.

Kwanza nimeng'oa magugu yote na kuchota udongo mpya. Nyuma ya choo, safari hii upande wa kushoto. Siuchomi, huu ni mwingine kabisa.

Pili, nimekagua vikopo vyake. Kazi safi, ila hata fundi hupitiwa. Nyuma ya lavenda kulikuwa na kopo kubwa, ndani jani moja tu, nene, limejiviringa kama sigara. Si lavenda hata kidogo! Chini ya shina kulikuwa na nyuzi za rangi ya chungwa, bila shaka zimetoka kwenye nguo ya mteja. Nikaling'oa na udongo wake, taratibu, lisiumize jirani zake, nikalitupa kwenye kopo tupu la Fundi Saa.

Nilipoinua macho alikuwa amesimama mlangoni, lenzi jichoni, kibano tayari mkononi. Nikamuuliza kama anataka kitu. Akasema hapana, endelea tu, anapenda kunitazama nikipalilia.

Nashukuru sana kupata jirani kama huyu. Polepole ataujua ukulima.