Kitabu cha Sifa na Mchezo wa Bi Chausiku

Didas alikuwa amesimama Vingunguti anakula mishkaki, kavaa miwani ambayo macho yake hayakuwa na haja nayo, alipoona kwamba karatasi iliyofungiwa nyama inamtukana mtu. Akaifuta mafuta kwa kiganja, akasoma: "Mwigizaji huyu analia kabla hajapigwa, na akishapigwa anasahau kulia."

"Kaka, makaratasi haya umeyatoa wapi?"

"Ya kununua kwa kilo hayo," akajibu muuza mishkaki. "Kulikuwa na mzee anaitwa Lusungu, kazi yake kusoma vitabu vya watu, kuangalia filamu za watu na michoro ya watu, halafu anasema kipi kizuri na kipi ovyo. Kafa. Watoto wameuza bunda zima. Unalitaka? Nyama haichagui nguo."

Ndivyo kazi ya maisha ya mtu inavyoondoka, wenzangu, kwa bei ya mishkaki na pilipili juu. Didas akatoka na bunda kwapani: insha za riwaya, insha za filamu, insha za ngoma na uchoraji, zote zimepigwa taipureta, zimefungwa kwa kamba ya katani, zimekaa tayari kuwa kitabu ambacho hakikupata mchapaji. Mwingine angeona takataka. Didas aliona shamba. Hakuna mtu mjini hapa mvivu wa kusoma kama msanii, na hakuna anayependa kuandikwa kama yeye.

Wiki haikuisha akawa Dokta Didas, mhakiki wa sanaa. Alianzia Kinondoni kwa watu wa filamu, akashuka Temeke. Mtindo wake ulikuwa mmoja. Anakaribishwa, anakunywa soda ya mwenyeji mpaka chini, anatoa karatasi, anasoma tusi la marehemu kama vile limeandikwa asubuhi hiyo kwa ajili ya mwenyeji. Mwenyeji jasho linamtoka. Hapo Dokta anavua miwani, anafumba macho kama mtu anayeomba dua.

"Hii ndiyo inayoingia kitabuni, sista. Ikishachapwa ndo basi tena, wajukuu zako wataisoma. Mie roho inaniuma. Ila kuna ukurasa wa sifa."

Ukurasa wa sifa ulikuwa na gharama. Za wino, alisema.

Sasa Bi Chausiku, muuza supu ya utumbo wa Temeke, alikuwa na binti anaitwa Salma. Salma aliigiza filamu moja tu, msichana wa kazi anayelia jikoni, na tangu siku hiyo akawa hatoki nje bila miwani ya jua. Mama yake alimpa ada akailipe chuo cha ushonaji kinachofunguliwa Jumatatu, chuo ambacho asiye na ada haoni cherehani hata dirishani. Salma akaipeleka kwa Dokta.

"Mama, nimeingia kitabuni!"

"Kitabu gani kinachokula ada?"

"Cha uhakiki, mama. Nyie wa zamani hamyajui haya. Sikia: 'Machozi yake huanguka taratibu kama mvua ya vuli, na kila tone lina maana yake.' Yaani mie huyo!"

Bi Chausiku akajifunga kanga kiunoni. Mama akipiga kelele usijali, mama akinyamaza tafuta viatu vyako. Alitoka nje akamkuta jirani yake Anwar, anayechora picha nyuma ya malori, amekalia ndoo ya rangi anacheka peke yake.

"Dada Chausiku, Dokta kanisifia! Anasema machozi yangu yanaanguka taratibu kama mvua ya vuli."

"Anwar, wewe unachora simba."

"Ndo uhakiki huo, dada. Kamwona simba wangu mpaka ndani, kagundua ana huzuni."

"Na pesa umetoa?"

"Wino ghali, dada."

Bi Chausiku akaelewa kila kitu, na akaelewa pia kwamba kelele hazitamsaidia. Akimzomea leo, kesho Dokta atahamia mtaa mwingine awe daktari wa meno, na ada ya Salma itakuwa imekwenda naye. Pesa iliyoingia mfukoni mwa mjanja haitoki kwa kuvutwa. Inatoka kwa kuonyeshwa pesa nyingine.

Bi Chausiku alikuwa kijumbe wa mchezo wa Ijumaa. Akina mama wauza utumbo walikuwa wanatoa pesa kila wiki, yeye anakusanya, mmoja anapokea zote, Ijumaa nyingine anapokea mwingine, mpaka wote wapate. Basi akampikia Dokta supu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu Dokta. Kaa. Salma kanisomea, nimelia mpaka supu imezidi chumvi. Sasa mie nina kundi la akina mama, wote wana watoto wasanii. Huyu wake anaimba singeli, yule wake anachekesha, mwingine hatujui anafanya nini ila kavaa miwani kama yako. Wote wanataka kurasa."

Dokta alimeza utumbo bila kutafuna. "Walete, mama."

"Shida moja. Hawa hawampi pesa mtu baki. Ila mtu aliye ndani ya mchezo, huyo akifika zamu yake anabebeshwa zote. Ingia, mwanangu, upokee."

"Niweke na mie?"

"Mkono mtupu haulambwi. Na ukiingia kwa jina moja unapokea mara moja. Wajanja wanaandikisha majina mawili, matatu."

Kusikia wajanja, Didas akaona ametajwa. Akaandikisha jina lake, la babu yake, la mtoto ambaye bado hajamzaa, na kwa aibu kidogo, la marehemu Lusungu, ili naye apate haki yake. Kisha akatoa mfukoni vyote alivyovuna, vya Kinondoni, vya Anwar, na ada ya Salma ikiwa bado imekunjwa vilevile alivyoikunja mama yake. Bi Chausiku aliitambua, akajikohoza.

Ijumaa Didas alikuja na tai. Ua ulikuwa umejaa akina mama waliotoka machinjioni, visu vyao kwenye ndoo.

"Leo anapokea Salma, nimemwandikisha mwenyewe," akasema Bi Chausiku.

"Mama! Si uliniambia napokea mie?"

"Utapokea. Nilitaja siku? Kwetu mwenye shida hutangulia, mwanangu, ndiyo desturi. Msiba, hospitali, ada. Salma ana ada. Wewe una shida gani?"

Watu wote wakamgeukia. Mtaa mzima alikuwa ameuambia kwamba gari lake liko gereji na nyumba yake iko Kunduchi. Shida angeitoa wapi?

"Wino," akasema.

"Wino si ugonjwa," akasema Mwajabu, mama wa miraba minne.

"Basi nirudishieni changu, najitoa."

"Anayejitoa hupewa mchezo ukiisha," akasema Bi Chausiku kwa upole. "Anayeacha kutoa ndo anapoteza. Zamu zako zipo, Dokta, tena nne zimefuatana. Baada ya akina mama hawa, baada ya Anwar, na baada ya wale wasanii wa Kinondoni. Salma alinipa namba zao, nimewaingiza jana."

Didas akakimbilia kwa mjumbe wa mtaa, Mzee Jabiri, kushtaki. Mzee akamsikiliza vizuri, akauliza hizo pesa alizipata kwa kazi gani. Kwa kitabu, akasema Didas. Mzee akaomba akione kitabu. Didas akaaga.

Jumatatu Salma alikwenda chuoni amenuna kwa sababu ametolewa kitabuni. Alirudi jioni na sketi iliyoshonwa upande, mfuko umetokea mgongoni, akamwonyesha mama yake bila kuambiwa.

Na Didas? Majina manne si mchezo wa mtoto. Siku hizi anabeba ngozi machinjioni tangu alfajiri ili asikose cha Ijumaa, na ndiye anayefika uani kwanza kuliko akina mama wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta?"

"Nimeleta. Zamu yangu imekaribia?"

"Inakuja. Ila jana Rukaiya kafiwa na shemeji yake, itabidi atangulie."

Didas akamgeukia Rukaiya, akampa pole kwa mikono miwili, akatoa za majina yote manne.